Saa na Taa

Al Khudh, chumba namba sita, kiyoyozi kinavuma.
Sista Bindhu anauliza kwa Kiarabu cha kazini,
mimi nageuza kwa Kiswahili cha nyumbani,
na mama, mikono mapajani, anaitazama midomo yetu
kama mtu anayengoja sufuria ichemke.
Lakini sista kavaa barakoa,
nami nimeinamia fomu.

Leo siku gani?
"Alhamdulillahi."
Mwezi gani huu?
"Wote wazima, wanakusalimu."
Sista anaandika sifuri. Kalamu yake haina chuki,
ina visanduku tu, na kila kisanduku kina njaa.

Mama, chora saa.

Anachora kwa makini, ulimi nje kidogo
kama mtoto wa chuoni mbele ya ubao:
tumbo la chemni, utambi, mpini wa waya,
na ufa mwembamba ubavuni kushoto
pale mdogo wake Zayana alipoigonga mlangoni,
Wete, kabla sijazaliwa.
Taa. Imebakia kuwashwa tu.

Sista akatikisa kichwa polepole.
Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa changu.

Miezi mitatu nimeutia mtungi wa gesi kufuli.
Miezi mitatu nampokelea simu, nawajibia wageni wake,
namkata kauli kabla hajaianza.
Wadha alisema, "Mamako kaanza kupotea,"
nikaenda kumtafuta
mahali ambapo hakuwapo.

Ni Yaarub, kijana wa masikio, mlango wa pili,
Kiswahili chake cha Bujumbura kimelainika kwa Kifaransa,
aliyeitazama ile karatasi kuliko sote.
"Mlimwambia achore nini?"
Saa.
Akacheka bila sauti. Akaandika kwenye kiganja chake:
saa, taa, paa, kaa, njaa.
Halafu kwa kidole akafuta herufi za mbele, moja moja.
"Hiki ndicho kinachomfikia. Mkia. Kichwa anakitia mwenyewe."

Sasa niambieni:
aliye gizani, akiachiwa achague neno,
mtamshangaa akichagua taa?

Akamvisha vidude viwili, rangi ya maharage.
Mama akashtuka, akaangalia dari.
"Nini hicho kinacholia?"
Kiyoyozi, mama.
"Tangu lini?"
Tangu asubuhi. Tangu mwaka juzi. Sijui tangu lini.

Tukaanza upya, sista kashusha barakoa kidevuni;
kumbe ana mwanya, kumbe ni msichana tu.
Pua, shuka, ngazi, limau, nyeupe.
Mama akayarudia yote matano, akayapanga kama vikombe.
Chora saa, iwe saa tano na dakika kumi.
Akaishika penseli hewani.
"Saa tano ya kwetu au ya kwao?"
Fomu haikuwa na kisanduku cha swali hilo.

Kisha wakamwomba yale maneno matano.
Pua, akasema. Shuka. Nyeupe.
Akanyamaza. Akanyamaza tena, na safari hii
hakuna sikio la kulisingizia.
"Palikuwa na mawili mengine," akasema.
"Yametoka, yakarudisha mlango."

Yaarub hakutudanganya. Mrudisheni baada ya miezi sita,
huenda ni umri, huenda kuna kitu, tutaona.
Lakini kwanza asikie. Humpimi mtu kumbukumbu
kwa maneno ambayo hukumpa.

Njiani kuelekea Mabela, jua limekaa juu ya kioo,
mama anazisikiliza tairi, anasikiliza mkufu wake,
anakikunjua na kukikunja kimfuko cha dawa
kwa ajili ya ile sauti yake tu.
Nikampigia Wadha, nikanong'ona, mazoea yale yale:
Ufunguo usimpe kwanza, tusubiri kidogo.

Hakugeuka. Alikuwa anaangalia mitende ya kando ya barabara.

"Ufunguo upi?"